Mjukuu Wangu Hana Malalamiko

Hebu niambie, wewe umewahi kumwona mtoto wa miaka minne akitembea na msumari kwa mguu siku nzima, na ukimuuliza anakwambia hana shida?

Mimi nimemwona. Ni mjukuu wangu, Mbithe.

Viatu vilikuwa vya mitumba, vyeusi, vyenye mkanda wa kufunga kando. Nilivichagua mwenyewe soko la Ruiru. Nikavikunja, nikavinusa, nikaingiza mkono mpaka mbele. Kumbe fundi alikuwa amepigilia kisigino upya, na huo msumari ulikuwa unangoja tu upate uzito wa mtu ndio utokeze.

Mtoto akavivaa, akaenda nasari, akacheza, akarudi.

Jioni namvua soksi, soksi haitoki. Imeshikana na nyama.

"Mbithe, kwa nini hukusema?"

Akaanza kuvua soksi ile nyingine mwenyewe.

Nikambeba mgongoni mpaka kliniki ndogo iliyo nyuma ya steji, hapa kwetu Kiuu. Nesi alikuwa msichana mpole, sweta ya buluu, saa imebanwa kifuani. Akainama akamuuliza polepole, "Inauma wapi, mrembo?"

Sasa sikiliza.

Mtoto aliteremka kwa benchi na huo mguu wake. Akachuchumaa sakafuni. Akaweka mikono juu ya magoti, kichwa chini, akasema kwa sauti, kama mtu anayesoma risala mbele ya chifu:

"Hakuna malalamiko, afande."

Nesi akacheka. Halafu akaona mimi sicheki.

Mama yake Mbithe ni Syombua, kitinda mimba wangu. Alikuwa anaenda kufua nguo kwa nyumba moja Kahawa Sukari, mtoto mgongoni. Laptopu ya wenye nyumba ikapotea. Syombua akashikwa mtoto akiwa bado ananyonya, wote wawili wakaingizwa rumande, gereza moja upande wa Thika. Jina la gereza nitabaki nalo.

Korti ilisema anaweza kutoka, lakini mdhamini awe na hati ya shamba.

Mimi nakodisha chumba kimoja. Ndugu yangu Muthoka ana shamba kule mashariki ya Thika, lakini hati bado iko kwa jina la marehemu baba yetu. Tukagonga mlango huu na ule, tukachoka.

Kesi nayo ikaanza kuahirishwa. Mara shahidi hayuko. Mara faili haionekani. Mara hakimu amehamishwa. Mpaka leo ninapokusimulia, hakuna mtu amesema Syombua aliiba, na hakuna mtu amesema hakuiba. Amewekwa tu, kama jembe la msimu uliopita.

Mbithe akaota meno ndani. Akajifunza kutembea ndani, kwenye korido ya saruji. Na kwa vile mtoto akitimiza miaka minne hawezi kuendelea kukaa huko, nikaitwa nikamchukue.

Wiki za kwanza nilijiona nimebarikiwa. Mtoto halii. Haombi. Ukimpa ugali anakula, usipompa anakaa. Mlango ukiwa umefungwa hausukumi, anasimama kando yake akingoja afunguliwe. Mandazi zikipita hapo nje, watoto wa ploti wote wanapiga kelele, yeye ananyamaza.

Jirani yangu Warigia, mama wa vijana watatu wakorofi, alimpenda sana.

"Cucu, huyu mmemlea aje?" akaniuliza, maana kwao nyanya ni cucu. "Wangu wamenivunjia hata ndoo. Niazime huyu, mimi nikupe hao wote watatu na baba yao juu."

Nikacheka naye. Nilidhani ni heshima.

Lakini baada ya ule msumari nikaanza kumwangalia vizuri. Nikimwogesha na maji yakiwa moto kidogo, ananyamaza. Akianguka, anaamka haraka na kutazama kama kuna mtu mzima ameona. Nikimuuliza, "Mbithe wa susu, mjukuu wa nyanya, unataka nini? Sema chochote," anashusha kichwa na kunipa yale maneno yake ya magereza.

Nikasema, hawa askari wamemharibu mtoto wetu, na mimi nitawaendea.

Nikavaa leso yangu nzuri, nikamshika Mbithe mkono, hao tukaenda Thika.

Pale getini tulipekuliwa mpaka kwa nywele. Afande mmoja wa kike, mnene, mwenye mwanya, alimtambua Mbithe akafurahi. "Aii, mkubwa wetu amekuja kututembelea!" Mtoto akachuchumaa pale pale. Yule afande akamwambia ainuke, yeye sasa ni raia. Akasema akicheka. Mimi nikamkata jicho.

Mahali pa kuonana na mahabusu pana waya, waya ndogo ndogo, hata kidole cha mtoto hakipiti. Wao wanasimama upande ule, sisi upande huu, na katikati kuna nafasi ya afande kutembea. Kila mtu anapiga kelele ili asikike. Ni kama soko la kuku.

Syombua akatokea. Amekonda shingo. Akamwona mtoto, akatabasamu, akafunika mdomo.

Sikumsalimia vizuri. Nilimweleza habari ya msumari, nikamweleza alivyosema kwa nesi. Nikamwambia anipe jina la afande aliyemfunza mtoto hivyo, nimpeleke mbele, hata kama ni kwa mkubwa wa magereza mwenyewe.

Syombua akamtazama yule afande mwenye mwanya, ambaye sasa ndiye alikuwa anatembea katikati yetu.

Afande alipopita na kufika mwisho wa korido, Syombua akasema, "Ni mimi, mwaitu. Ni mimi, mama."

Sikuelewa.

Akanieleza haraka haraka, jicho moja kwa afande. Kwamba kuna wakati wageni walikuja kukagua jela. Siku hiyo asubuhi wakaletewa magodoro, mapya, bado yako na nailoni. Wakapikiwa nyama. Wakapangwa kwa mistari, wakachuchumaa, wakakumbushwa jibu. Wageni wakauliza, mko na malalamiko? Wanawake wote wakajibu hawana.

Halafu mama mmoja kati ya wageni, mzuri, mwenye miwani, akamwinamia Mbithe akamuuliza kama anapenda godoro lake.

Mtoto akamwambia ukweli. Akasema limekuja leo, na kwamba wao hulala chini.

"Walicheka wakaandika," Syombua akasema. "Wakaenda na magari yao. Magodoro yakaenda jioni. Na mimi nikaenda seli ya peke yangu, mwaitu. Mbithe alibaki na wanawake wengine. Alilia mpaka sauti ikaisha, nilikuwa namsikia kwa ukuta."

Alipotolewa huko, akaanza kumfunza.

"Nilikuwa namfinya paja. Namuuliza, inauma? Akilia, naongeza. Akisema hakuna malalamiko, naacha. Kila siku hivyo. Mpaka akaacha kulia."

Akasema hayo bila machozi. Macho yake yalikuwa makavu kama mawe ya barabara.

Mimi nilikuja na matusi yangu yote tayari, na sikuwa na mtu wa kumpa. Nani nimtukane? Huyu aliyefinya, au yule aliyemfanya mama afinye mtoto wake kwa kumpenda?

Nimewaza sana tangu siku hiyo, na nataka kusema kitu kimoja na wakubwa wasome kama wanasoma. Mnapoenda kukagua jela, msiulize watu mbele ya yule aliyeshika funguo. Atakayejibu atabaki naye mkishaenda. Na mtu ambaye hajahukumiwa, mtoto wake msimfunge. Mbithe hakuwa na kesi. Hakuna karatasi popote iliyoandika kosa lake. Lakini kifungo amekitumikia, na bado anakitumikia kwangu Kiuu, mlango ukiwa wazi.

Basi, nikamwambia Syombua, "Kama ni wewe ulimfunga huo mdomo, mfungulie. Mimi nimeshindwa."

Afande mwenye mwanya alikuwa amerudi. Akasimama hapo katikati, akaangalia ukuta. Alisikia yote, lakini hakutufukuza, na hilo nitalisema kwa haki yake.

Syombua akapiga magoti ili uso wake ulingane na wa mtoto. Akaweka mdomo kwa waya.

"Mbithe. Mama alikosea. Ukiumwa, sema. Ukitaka kitu, sema. Hakuna mtu atanifanya kitu tena."

Hapo alidanganya, na sote watatu watu wazima tulijua.

Mtoto akamwangalia mama yake. Akamwangalia afande kutoka viatu mpaka kofia. Akaniangalia mimi.

"Sema, Mbithe," nikamwambia. "Unataka nini?"

Nikaona machozi yake kwa mara ya kwanza.

"Nataka kulala na mama," akasema. "Hata kama ni huku ndani."