Mtoto Aliyechelewa Kusema

Enzi zetu, mtoto akipiga chafya Msambweni, aliyemwombea dua ni jirani wa nyumba ya nne. Ndivyo tulivyokua, wenzangu mwajua. Harufu ya nazi ikikunwa, moshi wa makumbi ya nazi jikoni, miwa ya Ramisi tuliyoitafuna mpaka ndimi zikatuwasha, na wanawake mlangoni wakimwelekeza mamangu namna ya kunilea.

Mimi nilichelewa kusema. Miaka minne, kimya. Nakaa barazani nawatazama tu kama kuku mgonjwa. Kila apitaye ana dawa yake. "Mnyweshe maji ya mvua ya kwanza." "Mfinye, atasema!" Mamangu hagombani na mtu. "Ahsante dada, nimesikia," na mkono hautoki kwenye mbuzi ya nazi.

Siku moja akaja shangazi, dadake baba, kajitanda kanga ya safari. Ameshaamua: nikakatwe kimeo, kile kinyama cha kooni, ndipo nitasema.

"Wifi, mtoto huyu ni damu yetu. Mvishe, twende."

Mamangu akaiacha nazi, akanipakata. Naukumbuka moyo wake ukinigonga mgongoni.

"Damu ni yenu, wifi, koo ni lake. Hakatwi. Akichelewa, nitachelewa naye."

"Ukaidi huo! Akiwa bubu tutakuona!"

"Karibu chakula, wifi."

Shangazi akasusa, harufu ya samaki wa nazi ikamrudisha mkekani. Aliposhiba akaniogesha, akinisugua kwa hasira kama sufuria. Mwezi uliofuata akaja tena, na muhogo kichwani. Nami mwaka ule ule nikasema, na tangu hapo sijanyamaza.

Sasa mjukuu wangu wa Ukunda naye hasemi. Binti yangu katuma picha ya mtoto mtandaoni, kaeleza kuwa hasemi, wakamjia humo kwenye simu watu asiowajua: "Wamdekeza!" "Mama gani wewe!" Vijana wa leo, kidole hakijui kukuna nazi lakini chajua kulea wana wa watu! Nilimkuta akiwajibu mmoja mmoja, macho mekundu. Nilikuwa na langu la kusema, nanyi mwanijua. Nikalimeza. Nilimpokonya simu, nikambeba mtoto, nikamwambia akajinyooshe kidogo.

Zamani aliyekusema alikuja kwa miguu, akishamaliza akakuchotea maji. Hawa wa leo wakishasema wamekwenda zao, wamekuachia kilio.

Binti yangu alilala mpaka adhana ya alasiri.