Baba Mkwe Upande Huu wa Pazia

Shule niliiacha darasa la pili kwa ajili ya nyuki. Waliingia wakati wa hesabu, mwalimu akatorokea dirishani, koti lake likabaki limenasa kwenye bawaba. Tulicheka mpaka wakatufikia na sisi. Mimi waliniuma jichoni, mama akasema basi, nenda kachunge ng'ombe. Ndiyo elimu yangu yote. Yule mwalimu alikuwa mtu wa mbali, na alikuwa anapenda ugali wa muhogo kupita kiasi, lakini hayo tuyaache.

Nayasema kwa sababu uzeeni nilirudi kulala kwenye darasa lile lile. Mvua iliangusha nyumba zetu za tope, tukalazwa shuleni, mkeka wa jirani yangu kando ya wangu. Huyu alikuja zamani, kijana, akitokea ng'ambo ya mpaka wa Sirari baada ya nyumba yake kuchomwa kwenye mapigano. Kikurya chetu ni kimoja. Alijenga, akaoa kwetu, mke akafa akamwachia mtoto wa kiume. Sisi tulishasahau kwamba ni mgeni.

Akaja afisa, kijana wa mkoa mwingine, kuangalia nani wa kupewa bati na miti ya kujengea.

"Shikamoo wazee. Wewe mzee, raia au mkimbizi?"

"Nilikuja nikikimbia," jirani akasema. Kusema uongo hajui.

"Wakimbizi wana kambi zao, Kigoma huko."

Tukapiga kelele darasa zima. Huyu ni wetu! Ana mtoto amezaliwa hapa hapa, na huyo mtoto ameoa, anakaa mjini Mugumu!

Afisa akatabasamu. "Kumbe ana mtoto? Basi nyumba anayo. Apelekwe kwa mwanawe."

Bibi mmoja akajifunika uso kwa khanga. "Mura, wewe kijana, akalale chumba kimoja na mkamwana wake? Mama yako alikufundisha nini wewe?"

"Alinifundisha kwamba wazazi wanatunzwa, bibi."

Ndivyo walivyotumaliza. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kitanda cha mkamwana hakioni mpaka siku anazikwa. Kijijini mtoto anamjengea baba kibanda chake kando, heshima inabaki. Lakini Mugumu mwanawe amepanga chumba kimoja tu, kitanda pembeni, jiko la mkaa pembeni, katikati khanga imepigiliwa misumari. Mzee wakamtua upande huu wa khanga, wakaondoka na gari lao.

Na mimi raia? Nikaambiwa raia wajitume, wajenge wenyewe. Kwa nguvu gani? Mpaka leo nalala ghalani kwa mdogo wangu, mimi na mahindi na panya. Mkimbizi ananyimwa kwa kuwa si raia, raia ananyimwa kwa kuwa ni raia! Sasa bati lile lilikuja kwa ajili ya nani? Hakuna aliyeomba ghorofa. Chumba kimoja, mlango unaofungwa kwa ndani, mzee avue shati lake bila kuona aibu. Ni kitu gani hicho cha kumnyima mtu?

Siku ya mnada nilimfuata Mugumu. Nilimkuta nje, amekalia ndoo iliyopinduliwa, na mwenye nyumba amemsimamia kichwani.

"Mzee, mimi nilipangisha watu wawili, sikupangisha ukoo!"

Alipoondoka nikauliza, "Unalalaje hapa?"

"Silali. Mkamwana akikohoa namsikia. Akijigeuza namsikia. Analala na nguo zake zote, mpaka kilemba, kwa sababu yangu. Na mwanangu hanitazami. Mura, mtu wa umri wangu!"

"Njoo ghalani kwangu."

"Ghala la mdogo wako. Na yeye ana wakamwana, humo humo wanachota mahindi."

Ni kweli.

Manyunyu yakaanza. Mkamwana akatoka, macho chini, akapiga goti kwenye tope. Binti mwema, hana kosa lolote.

"Tata, ingia ndani, mvua hiyo."

"Asante, mama. Nakuja."

Akainuka, akachukua fimbo yake. Nikadhani anakwenda kujisaidia. Akapita nyuma ya choo, akaishika barabara ya Manchira, ile ya kutoka mjini, mvua inampiga mgongoni, wala hakuharakisha. Mkamwana akabaki ameshika mlango wazi.

Hajarudi.