Udugu wa Kunyonya

Mtaani kwao Ibra, Bi Tamima ndiye aliyekuwa mdomo wa televisheni. Alizaliwa Tabora, akajifunza huko kupiga taipu kwa Kiingereza, kisha mwaka 1975 akaletwa Oman, bibi harusi wa miaka ishirini asiyejua Kiarabu cha kujibu salamu sawasawa. Watu walimcheka. Aliwaacha wacheke, akaingia ofisi ya serikali, akachapa barua za Kiingereza mpaka macho yakachoka. Alipostaafu, vidole vilikosa kazi lakini ulimi uliipata.

Ilikuwa hivi. Dishi la juu ya paa lilinasa stesheni moja ya nje isiyoandika Kiarabu chini ya picha. Saa nne asubuhi, wanaume wakiwa makazini, wanawake watatu wanne walikuja na vitafunio vyao, dele la kahawa likawekwa katikati, na Bi Tamima akakaa karibu na kioo akiwatafsiria kwa Kiswahili walichokuja nacho kutoka Unguja na bara. Aliweza kuwa waziri, mwizi na mjane kwa pumzi moja.

Baridi ya mwaka 2004 ulianza mchezo wa majasusi. Walikuwa wawili, mrefu mwenye kovu shingoni na mfupi mcheshi, wametumwa mji wa theluji kuiba majina ya wasaliti. Kila asubuhi walikoswakoswa kuuawa. Siku ya tatu, wametoka kwenye moto, wakakumbatiana, na namna ya kule kukumbatiana ikainyamazisha sebule.

"Ndugu hao?" akauliza Bi Kaltham, mkubwa wao kwa umri.

"Ndugu," akasema Bi Tamima. "Wamenyonya ziwa moja."

Wakashusha pumzi, wakarudi kwenye tende zao. Tangu siku hiyo kila neno la mapenzi lilipotoka kwenye kioo, kinywani mwake lilikuwa neno la ndugu.

Hakudanganya kwa ajili ya wale wa televisheni. Ramadhani iliyopita, mwanawe Muadh, mhandisi huko Sur, alikuwa akimrudisha nyumbani kwa gari. Walipopita Al Qabil akaegesha kando ya mashamba ya mitende, mikono bado iko kwenye usukani.

"Mama, mimi sitaweza kuwa mume wa mwanamke. Si huyu, si mwingine. Usiniulize mara mbili."

Hakumuuliza mara mbili. Aliitazama mitende mpaka gari likaondoka.

Na "huyu" alikuwa Wijdan, binti wa Bi Ghaniya. Posa ilikwishakubaliwa, nikaha ilikuwa baada ya Iddi ya Hija. Muadh alijaribu kukataa. Baba yake, Mzee Hood, akamwambia ataje sababu, na sababu yenyewe haikuwa na namna ya kutajwa mbele ya baba. Bi Ghaniya naye hakuwa jirani tu. Walipokuja Ibra walikaa nyumba moja miaka mitatu, jiko moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Kila asubuhi sasa alikaa ubavuni pa Bi Tamima akitazama majasusi, na Bi Tamima akimmiminia kahawa akijua anachokijua. Miezi miwili.

Siku moja Bi Kaltham akaja na mkaza mwanawe, Rawya, mwalimu aliyekuwa likizo. Rawya akasikiliza tafsiri, akacheka ndani ya shela.

"Khala Tamima, mbona unawakata maneno? Wale si ndugu. Mrefu kamwambia mwenzake, nimemwacha mke wangu kwa ajili yako."

Bi Kaltham akaweka kikombe chini polepole. "Zima. Siku zote hizi tunakunywa kahawa na mahanithi?"

"Ngoja kwanza," akasema Huwaida, jirani wa mlango wa pili. "Ameshikiwa bastola yule. Dhambi ni zao, roho iliyo juu ni yangu."

"Wanaifia nchi yao," Rawya akasema, "na nchi ikiwajua itawafukuza."

"Iwafukuze. We mwalimu, hayo ndiyo unayosomesha?" akamkemea Bi Kaltham.

"Nasomesha hesabu, mama."

Huwaida akacheka peke yake. Bi Tamima hakuzima wala hakutafsiri. Alikuwa akimngoja mmoja tu aseme.

Bi Ghaniya alikuwa akichokonoa kokwa ya tende. "Mimi hao wanaume simo kwao," akasema mwisho. "Mola wao anawajua. Mimi namtazama yule mke. Anapika, anakaa mezani peke yake, anadhani kasoro ni yake. Na mama mkwe alikuja juzi, mmemwona? Alimtazama usoni, akala chakula chake, akaenda zake. Yule alijua. Mama hamjui mwanawe? Aliyemtia mtoto wa mwenzake nyumba ile naye anajua, mimi salamu yake nisingeipokea."

Kahawa aliyokuwa akimimina Bi Tamima ikafurika kikombe, ikamwagika kwenye mkeka.

Alhamisi ile Bi Tamima na mumewe walikwenda kwa kina Bi Ghaniya kupanga siku ya nikaha. Hamed, baba wa Wijdan, alikuwa ameshafungua kalenda.

"Nimekumbuka jambo," akasema Bi Tamima. "Ndoa hii haifai. Wijdan nimemnyonyesha, ni dada yake Muadh."

Mzee Hood akamgeukia kama mtu aliyepigwa kofi sokoni.

"Siku ya posa uliulizwa habari ya kunyonya," Hamed akasema. "Ukasema hakuna."

"Niliulizwa, nikasahau. Ghaniya alilazwa hospitali kwa homa. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga wangu, Marzouq. Wijdan analia, nikampa. Siku tatu, usiku na mchana."

Kulazwa kulikuwa kweli. Kunyonyesha hakukuwa. Wijdan alipewa maziwa ya kopo, na Bi Ghaniya aliporudi, bado miguu inamtetemeka, ndiye aliyeziosha zile chupa na kulifunika lile kopo.

Wanaume wote wawili wakamwelekea yeye. Neno lake moja lilitosha kumfanya Bi Tamima mwongo na kuirudisha nikaha kwenye kalenda. Bi Ghaniya alimkazia macho rafiki yake kwa muda mrefu, na ndani ya muda ule Bi Tamima aliona yote yakipita usoni pake, mrefu na mfupi, mke mezani, Muadh, na zile asubuhi zote za kahawa.

"Ziwa moja," akasema Bi Ghaniya taratibu. Kisha akamwambia mumewe, "Kweli. Nilirudi nikamkuta mtoto kashiba. Haramu hiyo, funga kalenda."

Akimshikia mlango kama mgeni, Bi Ghaniya akamwambia, "Nimesema kwa ajili ya mwanangu. Miezi miwili ulikunywa na mimi. Kwangu usije."

Hakwenda. Mzee Hood alikaa mwaka mzima akila bila kumtazama, maana aliaibishwa mbele ya watu na mke asiyekumbuka ziwa lake limempa nani. Muadh alipata kazi nchi ya mbali. Hupiga simu za Iddi, hukatika mapema. Asubuhi za televisheni zilikufa zenyewe. Bi Kaltham alikataza, Huwaida akanunua dishi lake, na mwisho wa majasusi wale haukutafsiriwa na mtu.

Anayekuja ni Wijdan. Aliolewa Samad Ash Shan, na kila Iddi huja na watoto wake, maana mama wa kunyonya ana haki yake na yeye ni binti mwenye dini. Humbusu mkono, humbusu kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Iddi iliyopita alikuwa akimnyonyesha kitinda mimba wake, akainua uso akicheka. "Na mimi mama, nilikuwa hivi? Nilikuwa nang'ata?"

Bi Tamima alikitazama kile kichwa kidogo kwenye ziwa.

"Hukuwa ukisumbua," akasema. "Ulikuwa ukishika kidole changu mpaka usingizi ukuchukue."

Wijdan akafurahi, akaomba ahadithiwe zaidi. Na Bi Tamima akamhadithia.