Mtamba Mmoja au Wawili

Kwenye mafunzo ya ushauri nasaha tulifundishwa kwamba kila mtu ana uwezo wa kujitafutia njia yake. Kazi yetu ni kumkubali alivyo, kujaribu kuona kwa macho yake, na kutokuwa na sura mbili mbele yake. Niliandika yote kwenye daftari na nikafaulu vizuri tu. Hakuna aliyenionya kwamba ningeletewa mtu nisiyempenda.

Alikuwa mkulima wa pamba kutoka Zagayu, mtu mzima, kofia mkononi. Alikuwa amempiga kofi binti yake wa darasa la sita kwa kupoteza ng'ombe malishoni, na sikio la kushoto likafa. Hospitali ilimtibu mtoto, baba akaelekezwa kwenye chumba changu hapa Bariadi. Tangu siku ile binti hakusema naye. Alimpikia, akamwekea maji ya kuoga, akaondoka zake.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. Niliitikia nikiwa nimeshamhukumu. Baba yangu naye alikuwa na mkono mwepesi.

Alikuja na swali moja: ampe binti mtamba mmoja au wawili? Kwao kosa hulipwa kwa ng'ombe likaisha. Majirani walishamwambia mzazi hana kosa, kaka yake akasema mmoja anatosha.

"Unatafuta kiasi kitakachotosha," nilimrudishia, kama nilivyofundishwa.

"Si ndicho nakuuliza, mayu? Nimepanda bodaboda toka Zagayu, halafu unaniambia nilichosema mwenyewe!"

Hata hivyo alirudi, mara ya pili na ya tatu, na kila mara nilimwitikia kwa kichwa, kwa upole nisiokuwa nao. Siku hiyo ya tatu aliniangalia usoni.

"Mayu, wewe hunipendi."

Jibu la kitaalamu lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Nilimwambia ni kweli. Baba yangu alinipiga mpaka nikavunjika mkono, akafa bila kulisema hilo, na kila ninapomsikiliza yeye namsubiri baba yangu aseme. "Hilo ni langu, si lako," nilimalizia.

Niliogopa ataondoka asirudi, na yule mtoto abaki hivyo hivyo.

"Baba yako hakukupa kitu?" aliuliza.

"Alininunulia baiskeli."

"Ukaipanda?"

"Niliipanda mpaka ikaisha."

"Na bado unamsubiri," alisema.

Miaka yote ya kazi hii, hakuna aliyewahi kunielewa haraka namna ile, na alikuwa mtu niliyemdharau. Niliona aibu. Yeye aligeuzageuza kofia, akasema kwao baba hamwombi mtoto msamaha, hajui hata mtu huanzia wapi. Sikumfundisha pa kuanzia. Safari hii nilinyamaza kwa sababu nilimwamini.

Wiki iliyofuata alikuja bila kuulizia mitamba. Alikuwa amemkuta binti anachambua maharage, akakaa karibu yake, akamwambia: mwanangu, nilikukosea.

"Akasemaje?" niliuliza, mbio kuliko inavyomfaa mshauri.

"Alisema, 'Baba, sijasikia. Umekaa upande mbaya.'" Alijifuta uso kwa kofia. "Nikainuka, mayu, nikazunguka, nikasema tena."