Toa Kumi na Mbili

Nimeishia darasa la saba, na Kijapani nilijifunza kwa chuki. Watu wananiuliza mzee mwenye goti bovu anatafuta nini kwenye lugha ya watu wa mbali. Nawajibu: kuna watu watatu walinifanya mlevi, na mimi hata togwa ikichacha siigusi. Wa kwanza ni mwenye yadi ya magari ya mtumba, mbele kidogo ya stendi ya Msamvu. Wa pili ni fundi wake. Wa tatu ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu mzazi, na huyo ndiye ananiuma zaidi.

Nilinunua kirikuu pale yadi, kigari kidogo cha mizigo, cha kushushia kabichi na karoti kutoka kwetu milimani Mgeta. Nikauliza habari ya taimingi belti, ule mkanda wa ndani ya injini, maana kwa milima yetu ukikukatikia njiani ndiyo basi tena. Fundi akanionyesha stika kwenye kifuniko chake, Kijapani kitupu na tarakimu.

"Soma mwenyewe mzee. Kumi na tisa. Umebadilishwa 2019, bado mbichi kabisa huu!"

Mwenye yadi akacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mkubwa.

Miezi mitatu tu. Ulikatika kwenye mteremko. Injini ikazima, usukani ukagoma, breki ikawa kama nakanyaga jiwe. Tuliingia bondeni kwenye migomba. Mimi nilitolewa na goti lililosagika. Mama yangu mdogo, aliyekaa pembeni yangu na kikapu chake cha njegere mapajani, alitolewa maiti.

Ukoo ulikwenda kuuliza yadi. Mwenye yadi akasema mkanda ulikuwa mpya, stika ipo, sasa kama si pombe ni nini? Fundi akaapa. Na mjomba, mimi nikiwa bado kitandani hospitali, hakuja hata kuniuliza. Alisimama msibani akasema, "Mlevi halimi ardhi ya mama zetu." Kwetu Waluguru shamba hutoka upande wa mama, na mjomba akishasema amesema. Shamba nililolilima tangu sijaota ndevu likaenda. Kwenye arobaini ya mama mdogo nilikaa nje ya uzio. Sahani ya chakula nililetewa kule kule, kama mbwa.

Lakini mke wangu alikuwa amekwenda kwenye mabaki ya gari akaniletea kile kifuniko na kipande cha mkanda. Mkanda ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Nikajua huu si wa juzi. Jirani akapiga picha stika, simu ikatafsiri: mkanda umebadilishwa, mwaka 19. Nikaenda nayo yadi.

"Si hiyo hiyo kumi na tisa?" mwenye yadi akasema. "Hata simu yenyewe inanitetea! Nenda kalale, mzee."

Nikaona nisipokijua Kijapani mwenyewe nitazikwa mlevi.

Nilianza vibaya. Nilinunua kitabu cha kutoa kopi, kimeeleza Kijapani kwa Kiingereza. Yaani nisichokijua nifundishwe kwa nisichokijua! Nikachana ukurasa wa herufi tu, kilichobaki nikawashia jiko.

Njia yangu niliipata kazini. Na goti lile kazi niliyobaki nayo ni kuosha magari, nimekaa kwenye ndoo, nasugua milango. Sasa gari la Japani ni kitabu chenye picha. Maneno yaliyo kwenye kifuniko cha tangi yanasema mafuta, hayana pengine pa kwenda. Kwenye fremu ya mlango wa dereva wao hubandika stika ya kubadilisha oili, pale pale mafundi wetu wanapobandika ya kwao. Kwa hiyo ile herufi kama mtu mwenye kofia aliyekunja nne, ikifuatana na mwenzake, ni kubadilisha. Ile kama ngazi ya miguu miwili ni mwezi. Kila gari nilichukua neno moja, nikaliandika kwa kidole kwenye povu la kioo, nikalitamka, nikalimwagia maji. Likirudi kwenye gari la kesho nalikuta linanijua. Hata yule mwanamke anayeongea ukiwasha gari, wenye magari husema anawasalimu. Wapi! Anamwambia dereva hajaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao.

"Mjapani, leo amesemaje?" wenzangu walikuwa wakinizomea.

"Amesema usugue ringi, acha mdomo."

Siku moja likaja gari la mwalimu mstaafu. Ndani ya kioo cha mbele kuna kistika, kimeandikwa mwaka 30. Nikaacha kitambaa. Mwaka 2030 haujafika, hili gari limetoka wapi? Mwalimu akatoa karatasi zake za kutoka Japani, moja Kijapani, moja Kiingereza. Tarehe ni ile ile. Huku 30, huku 2018.

"Hawa huhesabu miaka ya mfalme wao," akasema. "Akija mwingine wanaanza moja."

Toa kumi na mbili. Hesabu ya darasa la pili. Thelathini inakuwa kumi na nane, na kumi na tisa yangu inakuwa saba. Mkanda wa 2007. Nililia pale kwenye ndoo, povu mikononi.

Jumamosi nikaenda yadi na kigoda changu na kifuniko changu. Sikugombana na mtu. Nilifungua milango ya magari, nikawasomea wateja stika kwa sauti na mwaka wake wa kweli, gari moja baada ya jingine. La nne, mteja akafunga mkoba akaondoka. La sita, mwenye yadi akanishika mkono.

"Mzee wangu, tuongee ndani. Sisi tulidhani..."

"Mlidhani magari yenye 30 yametoka wapi, mbinguni?"

Fundi akainama kama ameangusha spana.

"Unataka nini?" mwenye yadi akauliza.

"Panda Mgeta. Kamwambie mjomba kwa mdomo wako."

Jumapili ile alipanda. Baada ya misa, mbele ya ukoo, alisema mkanda ulikuwa mkuukuu na pombe aliizua yeye. Mjomba aliishika ile stika muda mrefu, naye hajui kusoma hata Kiswahili. Kisha akasema, "Shamba lako lipo, mpwa wangu. Yaishe."

"Shikamoo, mjomba," nikamjibu, nikachukua jembe langu. Shamba nimelipokea. Yaishe sikuitikia, na kwake sijala mpaka leo.

Mwenye yadi naye alidhani tumemalizana. Nilimtaka aseme, akasema. Mimi kunyamaza sikumwahidi. Kila Jumamosi nashuka, naweka kigoda ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta wa watu. Ananiona, ananuna. Wateja wakitoka wanavuka na picha za stika kwenye simu zao.

"Mzee, hii imeandikwa 17, ni ya 2017 kweli?"

"Toa kumi na mbili, mwanangu. Halafu rudi ukamwambie nimekutuma mimi."