Goti Lililokataa Kushuka

Ukiingia kwenye chumba chenye watoto kumi na wanne, macho yako yanaanzia wapi? Wengi wataanzia usoni: nani analia, nani ana makamasi, nani kamng'ata mwenzake. Bibi Mkeka anaanzia miguuni.

Ni saa moja asubuhi, sakafu bado ina unyevu wa deki. Anatandika mikeka mitatu, pembe moja iliyojikunja anainyoosha kwa kidole gumba cha mguu, kisha anajishusha taratibu kwenye kigoda karibu na mlango. Mtoto wa kwanza anavua kandambili, anaingia, anajibwaga katikati ya mkeka: makalio chini, magoti mbele, nyayo amezitupa nje, moja huku, moja kule.

"Chura wangu huyo kafika," anasema Bibi, wala hasogei. "Mwache kwanza."

Anachukua kikapu cha vifuniko vya chupa, anakiweka juu ya benchi. Mtoto anakitazama, anainuka, anasimama kando ya benchi na kuanza kuchagua vifuniko vyekundu. Ule mkao umekwisha bila neno.

"Zamani ningepiga kelele mpaka majirani waulize kuna msiba gani," anacheka. "Siku hizi nasogeza kikapu tu."

Bibi Mkeka ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka tisa amelea watoto wa watu katika chumba hiki cha kupanga, urefu hatua saba, upana hatua tano. Mama zao humwachia asubuhi wakienda kazini, wakaja kuwachukua jioni. Hesabu yake ya mwezi haihitaji daftari.

"Ada ya watoto tisa ni kodi na maji," anasema huku akikunja vidole. "Wawili ni chakula chao. Mmoja sabuni. Hao wawili waliobaki ndio mimi."

Ndiyo maana mtoto mmoja akiondolewa, Bibi hulala nusu. Na kuna mwaka ambao waliondolewa watano kwa mpigo. Ilianzia kwa mama wa pacha. Bibi alimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mmoja wa wale pacha anatembea vidole vimeelekea ndani, afadhali akamwonyeshe daktari.

"Unamwita mwanangu kilema?" yule mama alifoka mlangoni, mbele ya wenzake. Kesho yake pacha hawakuja. Maneno yakafika bombani, na kabla ndoo hazijajaa, wengine watatu nao walikuwa wamehamishwa.

"Nikajifunza kufunga mdomo," anasema Bibi. "Somo baya, lakini nililifaulu."

Mdomo ulifungwa kwa wazazi, si kwa watoto. Mama yake Bibi alimwachia imani kwamba mtoto akikaa chura, miguu itapinda na ukubwani atatembea kama bata. Kwa hiyo Bibi alikuwa na mwito wake. Kila baada ya muda alipaza sauti: "Miguu!" Watoto wote wakajibu: "Mbele!" na kuikunja miguu mbele yao, mmoja juu ya mwenzake. Wageni waliokuja kuangalia kituo walipenda sana. Walisema hapa kuna nidhamu.

Kisha akaja Chiriku.

Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Bibi ndiye aliyeanza kumwita hivyo, wenzake wakalidaka, kwa kuwa alikuwa na miaka mitatu na hakunyamaza hata akiwa na kijiko mdomoni. Mama yake ni fundi wa kushona sare za shule. Alimleta asubuhi ya kwanza amevaa suruali nadhifu yenye mifuko midogo.

"Miguu!" Bibi akaita.

"Mbele!" Chiriku akajibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Mguu wa kulia ukakunjika ukalala mkekani vizuri. Wa kushoto ukakataa. Goti likabaki hewani kama mlango uliovimba kwa mvua.

Bibi akaliwekea kiganja. "Shuka wewe, goti, shuka."

"Mguu hautaki, Bibi."

"Mguu una mdomo? Ni wewe hutaki."

Aliona ni deko. Siku ya pili akalikandamiza tena, na ya tatu. Baadhi ya siku Chiriku alilia. Wiki ilipokwisha, Bibi akambadilisha nguo zilizolowa uji, akaona mikunjo ya paja la kushoto haiko sawa na ya paja la kulia. Alipomsimamisha atembee hadi dirishani, aliona bega la kushoto likizama kidogo kila hatua, likiibuka, likizama.

"Nikasema atanyooka akikua," anakumbuka. "Nikayasema hayo kila siku, kwa miezi mitatu. Mtu akilisema jambo kila siku, ujue mwenyewe haliamini."

Alikuwa akimfikiria yule mama wa pacha, na bomba, na ndoo. Chiriku alikuwa mmoja wa wale wawili ambao ndio Bibi mwenyewe. Kwa hiyo akaona atamtengeneza kimyakimya, kwa kiganja chake.

Lililomvunja halikuwa kilio. Asubuhi moja aliita "Miguu!" na sauti kubwa kuliko zote haikusikika. Akahesabu vichwa: kumi na watatu. Alimkuta Chiriku amesimama nyuma ya mlango, ameubana mdomo kwa viganja viwili ili asisikike akipumua.

"Nilikaa pale chini, mimi na umri wangu huu," anasema Bibi, huku akifuta benchi lisilo na uchafu. "Mtoto kanikimbia. Mimi, niliyepewa nimtunze."

Jioni hiyo alimwita mama wa Chiriku pembeni. "Mwanangu, mpeleke Chiriku hospitali wamtazame nyonga ya kushoto."

Mama akashtuka. "Umeona lini, Bibi?"

"Jana," Bibi akajibu.

Neno lenyewe dogo, lakini amelibeba tangu siku ile. Hospitali walipiga picha wakaona kichwa cha mfupa wa paja la kushoto hakijakaa kwenye tundu lake la nyonga. Ni hali aliyokuwa nayo tangu uchanga, haikuletwa na mkeka wala mkao. Akapasuliwa, akafungwa plasta ngumu kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Kisha yakafuata mazoezi. Miezi mitano Chiriku hakukanyaga hapa.

Muda wote huo, mama yake alitangaza sifa za Bibi kwa kila mtu pale karakana ya ushonaji. "Bibi yule ana macho! Jana kaona, leo kaniambia!" Wazazi wapya wanne walileta watoto wao kwa sababu ya neno hilo, wakaziba nafasi za waliokwenda kuanza shule. Bibi aliwapokea, akawashukuru, wala hakulisahihisha.

Alikwenda mwenyewe hospitali kumwona dada wa mazoezi ya viungo anayemhudumia Chiriku. Alimuuliza kama kiganja chake ndicho kilichoharibu.

"Hukuharibu nyonga, Bibi, ila ulimuumiza, na ulichelewa," dada huyo alimjibu, na yeye si mtu wa kupaka maneno sukari. "Mapema ni bora kila mara. Hawa wanaokaa chura usiwaogope. Wengi mifupa ya mapaja imegeukia ndani kidogo, hujinyoosha polepole wakikua. Wape sababu ya kubadilisha mikao, wakimbie, wapande. Wa kuniletea ni anayechechemea, anayeumia, au ambaye mguu mmoja haufanyi kama mwenzake."

"Nikamwambia arudie, nikariri," anasema Bibi. "Niliishia darasa la saba, lakini hilo nimelishika."

Ndipo ikaja habari ya kikapu benchini. Mwito wa "Miguu!" umekufa. Badala yake Bibi anapanga kuanza jambo jingine: kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kila mzazi asubiri dakika tano, mtoto atembee kutoka mlangoni hadi dirishani mbele ya wote wawili. Atakaloliona litasemwa hapohapo. Atakayekasirika akasirike.

"Lakini nitaanzaje kuwadai wengine ukweli," anauliza, "na wangu nimeukalia?"

Leo Chiriku amerudi. Ameingia akitembea mwenyewe, polepole, akisimulia tangu kizingitini jinsi plasta inavyowasha na jinsi daktari anavyokoroma. Mchana kutwa ameketi kwenye kiti kidogo, kwa maelekezo ya hospitali, na wenzake wamepokezana kumletea vifuniko kama wanampelekea mfalme kodi. Kila akiinuka, Bibi anatazama bega. Bado linazama, lakini kidogo.

Saa kumi na moja jioni mama yake anafika, nyuzi za rangi ya buluu zimemganda kwenye sketi. Ameleta kitambaa cha gauni. "Hiki chako, Bibi. Nitakushonea mwenyewe. Bila wewe, mwanangu angekuwa wapi?"

Bibi hakipokei. Anaiweka mikono yake nyuma.

"Keti, Mama Chiriku."

"Mbona hivyo? Kuna nini?"

"Haikuwa jana. Siku ile uliponiuliza. Niliona miezi mitatu kabla. Niliogopa utamwondoa. Na goti lile nililikandamiza kwa mkono huu, akalia, nikasema anadeka."

Mama anakikunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena, pembe kwa pembe, kama mtu anayetafuta upande wa mbele. Bibi anasubiri tusi. Ameshajiandaa kulipokea. Anasema baadaye kwamba hata alikuwa amekwisha kuhesabu nani atabaki.

"Mimi ni fundi, Bibi," mama anasema mwishowe, macho hayainuki. "Ile suruali ya siku ya kwanza, upindo wa mguu wa kushoto niliupunguza. Ulikuwa unaburuta. Niliipima miguu yake kwa futi yangu, nikaona wa kushoto ni mfupi kwa upana wa kidole. Nikashona pindo zikalingana, nikasema kosa ni la kitambaa. Ya pili nikashona hivyohivyo. Na ya tatu." Anapumua. "Nilijua ninapima nini. Nilitaka tu mtu mwingine aseme kwanza."