Ripoti ya Nabintu na Dakika Zangu Sita

Watu wa kiwandani wakisikia nimeanza habari za Nabintu huniambia, "Oyugi, punguza sauti." Sipunguzi ng'o! Mimi ni Mjaluo wa Siaya, nimeishi Kampala miaka ishirini na miwili, na sauti hii ndiyo niliyokuja nayo. Nikiwa na mtu wa kujivunia, nitajivuna mpaka jirani afunge dirisha. Tena Nabintu si ndugu yangu wala si mke wangu. Ni mwanamke wa Bukavu aliyeingia mji huu na begi moja, akapanga chumba Nsambya, akaajiriwa kufagia katika kiwanda chetu kidogo cha mtindi pale Nateete. Leo kitu kikiharibika, meneja akishamwita fundi, wa pili kuitwa ni Nabintu na kalamu yake.

Kwanza uelewe desturi yetu. Chochote kikivunjika, aliyekuwa karibu huambiwa, "Leta maelezo." Maelezo ni karatasi unayompelekea meneja, Bwana Sulaimani, na kwa karatasi hiyo anaamua kama unabaki au unaenda. Sasa sisi tumelelewa vizuri, na hapo ndipo balaa lilipo. Huwezi kumwandikia mkubwa bila kujishusha. Unaanza na salamu, unamshukuru Mungu kwa afya yake, unapiga magoti, unaomba msamaha mara tatu, ndipo unataja kwamba pampu inavuja. Bwana Sulaimani ni mtu wa haraka. Haioni pampu, anaona msamaha. Aliyeomba msamaha si amekiri? Nimeona wanaume wazima wakimwaga unga kwa adabu zao wenyewe.

Nabintu naye yalimkuta. Alikuwa bado mfagiaji alipoona mpira wa kifuniko cha tangi umechanika. Akaona vema aandike. Shule kwao alisoma kwa Kifaransa, na barua za huko zina madoido kuliko gauni la harusi. "Nina heshima kubwa sana ya kuja mbele ya wema wako ulio juu," ndivyo alivyoanza, akaja na wema huo mpaka robo tatu ya ukurasa, akamaliza kwa kuomba radhi kwa usumbufu. Yeye ndiye aliyeugundua mpira, na yeye ndiye aliyepewa barua ya onyo. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nasema kweli, nilikuwa wa kwanza kucheka.

Mwingine angelia. Nabintu alinuna siku mbili, ya tatu akaniambia, "Papa Oyugi, hawa watu wana namna yao ya kuandika. Iko mahali inafundishwa. Nitaitafuta."

Akaitafuta kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa imepasuka kioo, unasoma neno moja kwa macho na la pili kwa kukisia. Waifai ya ofisini ilikuwa inapenya ukutani karibu na boila ninalolitunza mimi, na sehemu nyingine hamna. Basi saa ya chakula anageuza kreti, anakalia, mgongo ukutani, anafungua kozi ya bure ya kuandika ripoti za kazini. Kozi ni ya Kiingereza, na Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kuombea maji. Neno likimshinda analinakili kwenye daftari, jioni analitafuta. Tulimwita Profesa wa Ukutani. Aliinua tu mkono, kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea.

Mazoezi yake yalikwenda kwa wanafunzi wenzake, watu asiowajua, nchi asizowahi kuziona. Bwana mmoja wa Ufilipino alimfutia kila "kwa unyenyekevu" aliyoiandika, zote kumi na moja, akamwachia swali moja tu: tangi lilikuwa na nini? Nabintu alinionyesha akiwa amekasirika. "Amefuta heshima yangu yote!" Kesho yake akaandika upya, mistari mitano. Nilisoma nikaliona tangi.

Siku nyingine somo lilitaka aandike maelekezo ya kazi fulani, kisha ampe mtu ayafuate neno kwa neno. Akaandika namna ya kupika chai, mtu akawa mimi. Yawa! Nilifuata kila alichoandika, wala sikuongeza akili yangu hata chembe. Mwishoni nikammiminia kikombe cha maziwa moto yenye sukari, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa tia majani. Alitazama kikombe, akatazama karatasi, akacheka hadi akakaa chini. Halafu akainywa ile "chai" yote huku akiandika upya. Kuanzia siku hiyo sikumcheka tena, ingawa jina la Profesa lilibaki.

Miezi minane ilipita hivyo. Akapewa cheti, akakichapisha Nakivubo, akakipeleka kwa Bwana Sulaimani mkononi. Bwana Sulaimani akasema "Kale," yaani sawa, akakiweka chini ya mafaili. Lakini baada ya wiki chache alimtoa kwenye ufagio, akampa daftari la chumba cha baridi, kile tunachohifadhia mtindi uliokwisha kufungwa. Nabintu akawa karani, na mimi nikawaambia watu wote wa stejini, pale pa bodaboda, kwamba Profesa ni mwanafunzi wangu wa chai.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne. Zamu yangu huanza saa moja asubuhi, na kazi yangu ni boila na mlango wa chumba cha baridi. Injini ya baridi iko juu ya paa, mimi siigusi. Saa tatu na dakika ishirini tulifungua mlango kupakia mtindi wa mahospitali, joto likatupiga usoni. Mtindi wote ulikuwa umeharibika, vikombe vimevimba. Bwana Sulaimani akaja mbio. Askari wa lango akasema, bila kuulizwa, kwamba Oyugi alionekana nje asubuhi. Basi ikawa tayari: Oyugi aliuacha mlango wazi akaenda kuzurura.

"Oyugi, leta maelezo," alisema Bwana Sulaimani. "Kesho saa nne ofisini kwangu."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja pale. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mgeni, aliyefukuzwa kwa kuharibu mali, nani atampa boila lingine? Nikakaa, nikaandika kurasa mbili. Nilimpigia meneja magoti, nikamtaja mkewe na watoto wake kwa baraka, nikaomba msamaha hadi wino ukafifia. Nikampelekea Nabintu asahihishe Kiingereza.

Alisoma yote. "Papa Oyugi, ulifungua mlango?"

"Sikuufungua."

"Basi msamaha wa nini?"

"Wa heshima, dada yangu! Kwani nimwandikie meneja kama namwandikia kondakta?"

Alinirudishia karatasi bila kuigusa hata nukta. Akasema daftari la chumba ni lake, kwa hiyo ripoti ya tukio ni yake, na anaiandika mwenyewe. Akaanza kuniuliza. Niliingia saa ngapi? Niligusa nini kwanza? Nilitoka? Nikasema sikutoka. Akainuka, akaenda zake langoni, akarudi na daftari la askari. Mle mlikuwa na jina langu: nje saa mbili na dakika kumi, ndani saa mbili na dakika kumi na sita.

"Nitaandika dakika sita," alisema.

Hapo nilipasuka. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, na Adyero, mama anayepima maziwa, alikuwa amesimama palepale na chupa zake. Nilimwambia Nabintu ameniuza. Nikamwambia tulimpokea hapa hana mbele wala nyuma, na hivi ndivyo anavyolipa. Nikamwita mkimbizi. Nililisema kwa ile sauti yangu, na Adyero akaangusha kizibo cha chupa.

Nabintu aliweka kalamu chini. "Mkimbizi ni mimi," alisema. "Hilo halina ubishi. Sasa niambie, dakika hizo sita ulikwenda wapi?"

Niliondoka nikambamizia mlango.

Jumatano saa nne tulikuwa ofisini watatu: Bwana Sulaimani mezani, Nabintu kwenye kiti, mimi nimesimama na kurasa zangu mbili ndani ya mfuko wa shati. Ripoti ya Nabintu ilikuwa karatasi moja. Bwana Sulaimani aliisoma kwa sauti, na mimi nikawa nasikiliza jina langu likipita. Hakuna mahali aliposema Oyugi ni mtu mwema. Hakuna miaka kumi na mmoja. Aliniandika kama anaandika kabati. Oyugi aliingia saa moja kasoro dakika tano. Oyugi aliwasha boila. Oyugi alitoka nje kwa dakika sita. Nikamchukia upya.

Kisha yakaja mambo nisiyoyajua. Injini ya baridi ina kidude, kiko chini kando ya mlango wa chumba, kinachohesabu saa ilizofanya kazi. Sisi sote tulikuwa tunakipita tu. Nabintu alikuwa anakisoma kila jioni akifunga daftari, kwa vile kozi ilimwambia aandike kila namba ambayo mashine yenyewe inaitoa. Jumatatu saa kumi na moja jioni kidude kilisema 8,412. Jumanne, tulipofungua mlango, kilisema 8,421. Maana yake injini ilifanya kazi kwa muda wa saa tisa tu, ikazima kwenye saa nane usiku. Na lile daftari la askari, lililonichongea mimi, lilikuwa na mstari mwingine: umeme ulikatika saa nane kasoro dakika tano usiku, ukarudi baada ya robo saa. Umeme ulirudi, injini haikuwaka tena. Saa hiyo mimi nilikuwa nakoroma nyumbani.

Bwana Sulaimani akarudia kusoma kuanzia juu, safari hii kimyakimya, kidole kikifuata mistari. Akainua macho.

"Oyugi. Dakika sita ulikuwa wapi?"

Nilimtazama Nabintu. Hakunisaidia hata kwa kope.

"Nilikwenda kununua rolex, ssebo. Chapati na mayai mawili. Mlango nilikuwa nimeufunga."

"Mbona jana hukusema?"

"Niliogopa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mtu aliyeandika mpaka dakika zako za rolex hakuficha kitu," alisema. "Naamini na hayo mengine. Na maelezo yako mwenyewe yako wapi?"

Mkono wangu ulishafika mfukoni. Nilizigusa zile kurasa mbili, nikafikiria misamaha yote iliyomo, ya kosa ambalo sikulifanya.

"Sina mengine," nilisema. "Yangu ni hayo hayo."

Nikaomba kalamu, nikatia sahihi chini ya ripoti ya Nabintu, dakika sita na yote. Bwana Sulaimani akaandika kando kwa wino mwekundu: hakuna kosa la mfanyakazi, aitwe fundi aweke king'ora cha kuonya injini ikizima. Kisha akamwambia Nabintu kwamba kuanzia siku hiyo maelezo yote ya kiwanda yatapita kwake kwanza. Banange, kifua changu kilivimba kana kwamba ni mimi niliyepandishwa cheo! Nilitaka kumpigia makofi mle mle ofisini.

Lakini tulipotoka nje mimi na Nabintu, nilikumbuka neno la jana. Alikuwa anatembea mbele, karatasi zake kwapani, haraka, kama mtu mwenye kazi ya kufanya. Nikamkimbilia.

"Nabintu. Jana nilikutukana."

Akasimama. "Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu alasiri."

"Nani alisikia?"

"Adyero."

"Kilisemwa nini hasa?"

Nililirudia lile neno. Safari hii lilitoka kidogo sana, mimi mwenyewe karibu nisilisikie.

"Na hatua gani imechukuliwa?"

"Nimekuja mwenyewe," nilimwambia. "Nimekosa, dada yangu. Nisamehe."

Akasema tumwite Adyero, maana aliyelisikia tusi naye ausikie msamaha.